Babu alimtunzia mwenzake minazi 40 kwa miaka 45, leo baba zangu wanataka kuuza. Naombeni mawazo yenu

Mjukuu wa Manamba

Wakuu habarini za usiku. Uzi utakua mrefu naomba mnivumilie, naandika kwa simu na nipo geto Mbagala, nimetoka deiwaka bandarini nimechoka ila usingizi hauji sababu jumapili ijayo kuna kikao cha familia Muheza na mimi ndo mjukuu pekee niliyeitwa. Nataka niende nikiwa najua la kusema.

Babu yangu mzaa baba alikua Muha wa Kasulu. Alikuja Tanga 1951 kukata mkonge, kipindi bei ya mkonge iko juu sana sababu ya vita ya Korea na mashamba yanatafuta watu kila kona ya nchi. Mnaojua historia mnajua walivyoitwa, manamba, maana ukifika unapewa namba na kwenye vitabu vya shamba wewe ni hiyo namba. Babu alikua na miaka kama 20, alipanda treni Kigoma akapakiwa na lori akashushwa kambini hajui Kiswahili zaidi ya salamu.

Kwenye chumba alichopangiwa akamkuta mtu mmoja ana nembo usoni na meno yamechongwa, Mmakonde wa Msumbiji, wa upande wa Mueda. Huyo alivuka Ruvuma kukimbia kazi za lazima za Mreno na kulimishwa pamba. Watu wa kambini walikua wanamwita Mmawia na wanamwogopa kabisa. Babu hakuwahi kumwita hivo, mpaka anakufa sisi tunamjua huyo mtu kwa jina moja tu, Mwenzangu. Ukimuuliza babu jina lake anakwambia jina la kwenye karatasi lilikua la kambi, la kwao alinitajia mara moja nikalisahau masikio yangu hayakulizoea. Hata la kambi siliweki hapa.

Sasa sikieni walivyounganika. Kazi ya kukata mkonge unapewa mzigo wako wa siku, unakata jani unaondoa ule mwiba wa nchani, unafunga mafungu ya majani 30, unabeba kichwani mpaka kwenye reli ya trole. Usipomaliza idadi siku yako haisainiwi kwenye kipande. Kipande ni kadi ya siku 30, na sheria yao ilikua uzimalize ndani ya siku 42, kwaiyo siku isiposainiwa ni kama hukuamka. Babu wiki ya kwanza utomvu ulimwasha mikono yote mpaka mabegani, vidole vikavimba, akawa anafika mchana hata nusu ya mafungu hana. Siku ya tatu au ya nne anageuka anakuta fungu lake limeongezeka. Akadhani kakosea kuhesabu. Kesho yake tena. Kumbe yule jamaa anamaliza mzigo wake mapema, anapita nyuma anakata mistari ya babu kimya kimya anaweka mafungu anaondoka, na wala walikua bado hawajaongea zaidi ya karibu na asante maana hawana lugha.

Babu alikua anasema Kiswahili nimejifunza kwa kumuuliza yule kwanini unanikatia. Alichojibiwa ni kwamba kule kwao mtu akiachwa nyuma kwenye kazi ya Mreno anapigwa wote wanaangalia, na yeye ameshaangalia vya kutosha.

Ngoja nimeze maji naendelea.

Chumbageni

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Tupia.

Kasulu Mjini

Umenigusa pabaya ndugu yangu. Kwetu Buha karibu kila ukoo una mtu alienda manamba na hakurudi. Babu yangu mdogo upande wa mama, mdogo wake bibi yangu, aliondoka kwenda kutafuta hela ya kodi ya kichwa na baiskeli, akasema mavuno mawili anarudi, bibi yangu alimsubiri mpaka akazeeka. Wengine walikua wanasema kaoa Tanga, wengine kafa Kimamba. Endelea, kuna watu tunasoma na machozi.

Mjukuu wa Manamba

Nipo. Kasulu Mjini pole sana mkuu, huenda babu yako na wangu walipanda behewa moja.

Ikawa hivi, baada ya mwaka mmoja wakaanza kupokezana mshahara. Vipande vikiisha vya wote wawili hela inakaa kwa mmoja, safari ijayo kwa mwingine, upatu wa watu wawili tu. Na walikua na sababu. Kambini asubuhi kinagongwa kipande cha reli giza bado halijatoka, kila mtu anatoka, posho ya unga inapimwa jumamosi kwa kibaba, mnyapara anajua hata saa unayoenda chooni. Ndoto yao haikua utajiri wakuu. Walitaka sehemu wakilala mtu asiwagongee chuma. Jioni wanakaa nje ya chumba mmoja anasema tutapanda mnazi mwingine anasema tutaweka na ng'ombe mmoja, wa pembe ndefu wa kwetu, kesho yake wanarudia maneno yale yale. Babu anasema walikua wanabishana mpaka mlango wa nyumba utazame wapi, nyumba yenyewe hata udongo wake hawaujui.

Kuna mara Mwenzake alichomwa na mwiba wa mkonge mguuni ukaoza, homa juu, hawezi kusimama. Kipande chake kilikua kimebaki siku 9 na muda unaisha. Babu akawa anakata mzigo wa watu wawili, anaanza gizani anamaliza jua linazama, mafungu mengine anayaweka kwenye namba ya mwenzake. Siku ya 6 mnyapara akagundua. Akafuta siku zote sita kwa wote wawili. Zote. Babu alikua akifika hapo kwenye stori ananyamaza muda mrefu kidogo. Alafu anasema, tukaanza upya.

Hela ya shamba walikuja kuipata mwishoni mwa miaka ya 50. Hapa wenyeji wa pwani mtanielewa. Kwetu Bondei mgeni unaweza kukaribishwa ulime mahindi, mihogo, hakuna shida, lakini kupanda mnazi haupewi ruhusa kirahisi, maana mnazi unaishi kuliko mtu. Aliyepanda mnazi kashakaa, mnazi ndo hati yenyewe. Kwaiyo walikua wanahitaji mzee wa kuwauzia kabisa mbele ya mashahidi, sio kuwakaribisha. Wakampata mzee mmoja wa Kibondei akawauzia kipande cha pori kama eka mbili hivi, na alisema mbele ya watu, nawauzia nyinyi wawili, sikumuuzia mmoja. Hayo maneno ndo kiini cha huu uzi wote naomba myashike.

1959 wakapanda minazi 80. Arobaini upande wa mashariki ya babu, arobaini upande wa magharibi ya Mwenzake. Kazi ya mkonge wanaendelea, jumapili wanatembea kutoka kambini kwenda kupalilia.

Nipo Ubungo

Mkuu mimi naomba niulize, walioa? Maana watu wazima wawili hela mfuko mmoja mke akiingia hapo ndo mwisho wa urafiki.

Mjukuu wa Manamba

Babu alioa, bibi yetu ni Mbondei na yupo hai mpaka leo. Mwenzake hakuoa akiwa huku, alikua anakula kwa bibi. Nitafika huko.

1960 mwezi wa sita zikaja habari za Mueda. Mreno aliwapiga risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya serikali, ilikua tarehe 16. Walioenda kuongea na gavana kuna waliotokea huku huku Tanganyika kwenye vyama vya Wamakonde wafanyakazi, kwaiyo mashamba ya mkonge yote yenye Wamakonde yalipata msiba siku moja. Babu anasema Mwenzake hakulia, ila aliacha kubishana kuhusu mlango wa nyumba.

Tukapata uhuru sisi 61. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kikaundwa Dar 62. Watu walikua wanapita makambini usiku wanaongea Kimakonde na vijana. 1964, mwaka ule vita ilipoanza, akamwambia babu naenda. Minazi ilikua na miaka mitano, haijazaa hata dafu moja. Walitembea pamoja mpaka stesheni ya Muheza. Akamwachia sanduku la bati na kipande chake cha mwisho, akamwambia hiyo arobaini usiichanganye na yako, sio kwamba sikuamini, nataka nikiwa kule nijue kuna kitu changu kimesimama mahali.

Babu akaweka alama. Kila mwaka mwezi wa saba anachukua chokaa anazungushia minazi ya Mwenzake mkanda mweupe usawa wa kifua. Yake haina. Mimi nimekua nikiona hiyo mikanda nikidhani kila shamba duniani nusu ya minazi inavaa mikanda.

Newala Juu

Daah. Shikamoo babu popote ulipo.

Alienda Kongwa huyo, ndo walikua wanaanzia mafunzo pale mwanzo kabla ya Nachingwea. Kuna taarifa yoyote ilirudi?

Mjukuu wa Manamba

Ilirudi moja. Barua, kaandikiwa na mtu mwingine, imetoka Mtwara kwenye hospitali ya Frelimo, inasema kaumia mguu ule ule wa mwiba, anaendelea vizuri, amepata mke, atarudi kule ndani akipona. Mstari wa mwisho umeandikwa "je minazi imezaa". Tarehe haina. Bibi anakumbuka ilifika mvua za vuli na baba yangu akiwa mgongoni, kwaiyo ni kama 68 au 69.

Minazi ilikua imeshaanza kuzaa, kama 66 hivi. Babu akajibu barua akapeleka mwenyewe posta Tanga mjini hakuamini ya Muheza. Hakuna kilichorudi tena mpaka leo.

Na daftari. Babu hakujua kuandika, alikua anachora vijiti. Kila wanapoangua, nazi za Mwenzake zinahesabiwa pembeni, zinauzwa pembeni, hela inatoka ya kupalilia na ya muanguaji, iliyobaki inawekwa. Miaka ya 80 akaona hela ya karatasi inayeyuka, akanunua ng'ombe akamwita ng'ombe wa Mwenzangu, alivyozaa wakauza ndama wakapanda michungwa kwenye upande ule ule wa magharibi kufidia minazi iliyokufa. Mimi nilivyofika darasa la tatu nikapewa kazi ya daftari. Nimeandika kwa mkono wangu nazi ngapi za mtu ambae sijawahi kumuona, kila baada ya miezi mitatu, mpaka namaliza form four. Ndo maana mnaniona siwezi kulala.

1974 operesheni vijiji ilipopita, kamati ikasema mtu hayupo eka yake igawiwe. Babu akaleta lile sanduku la bati kwenye mkutano, akafungua, akatoa kipande cha mwenzake akakiweka mezani, akasema huyu hayupo sababu anapigana na Mreno, mwenyekiti wa nchi anawasaidia kila siku redioni, nyie mnamnyang'anya minazi. Waliacha. Tarehe 25 mwezi wa sita 1975 Msumbiji inapata uhuru, babu alikaa na redio tangu asubuhi, alafu akaenda kukaa stesheni. Alikwenda stesheni karibu mwezi mzima.

Kafariki 2009. Mwaka mmoja tu baadae daraja la Umoja likafunguliwa pale Mtambaswala, mtu unavuka Ruvuma na gari. Neno lake la mwisho kuhusu hilo shamba aliwaambia wanae wote, upande wa mikanda sio wangu msiugawane.

Sasa. Barabara imepita karibu na upande wa magharibi, kuna mfanyabiashara wa machungwa anataka kujenga stoo, kaweka hela nzuri mezani. Baba mkubwa na baba wadogo wawili wanasema miaka 60 imepita, mwenyewe angekuwepo angekua na miaka 95, tuuze tujengee kaburi la mzee na tusomeshe watoto. Marehemu baba yangu alikua anakataa, ameondoka 2021, nimebaki mimi. Semeni wakuu, mimi ni mtoto mbele ya wazee wale nitasema nini.

Kibo na Mawenzi

Mkuu nitakua mkweli kwako. Uza. Babu yako alikua mtu wa ajabu na Mungu amlaze pema, lakini ahadi ilikua ya watu wawili na wote hawapo. Nyie mna watoto wanahitaji ada sasaivi. Ardhi yenye thamani kuacha kwa ajili ya mkanda wa chokaa wakati ndugu zako wa damu wana shida naona ni kuwatesa waliopo. Mngetoa sehemu ya hela sadaka kwa jina lake mkamaliza.

Mwanasheria Kijana

Naomba nichangie upande wa sheria bila kuwa wakili wako rasmi. Watu watakwambia miaka 12 ikipita kwenye ardhi madai yamekufa. Ni kweli ukomo upo wa miaka 12, lakini haufanyi kazi kwa mtu aliyekua anatunza kwa ruhusa ya mwenyewe. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba aliyekaribishwa au aliyeachiwa kutunza hawezi kugeuka mwenye mali kwa kukaa muda mrefu. Babu yako kila mwaka alikua anapaka chokaa kutangaza kwamba sio yake, na daftari lipo, na 1974 alisema mbele ya mkutano wa kijiji. Huo ni ushahidi mzito dhidi ya wazee wako wenyewe. Kwaiyo upande ule haumo kwenye mirathi ya babu. Anayenunua nae ajue ananunua kesi.

Ila ukweli mwingine ni kwamba hakuna wa kuwashitaki kama warithi hawajulikani. Hapo sheria inaishia, panabaki pa kwenu.

Newala Juu

Mjukuu nisikilize vizuri, mimi ni Mmakonde wa huku Newala ila ndugu wa mama yangu wapo ng'ambo, Mueda na Nangade.

Nyie wote mnauliza watoto wake. Sisi ukoo unafuata mama. Kwa mila ya zamani mrithi wa huyo mzee sio lazima mtoto wake wa kuzaa, ni watoto wa dada yake, wa likola moja, yaani ukoo mmoja wa upande wa mama. Kwaiyo hata kama alikufa vitani bila mtoto, hajafa bila mrithi, dada zake walibaki. Ukitafuta kwa jina lake hutapata kitu, jina la kambi ulisema lilikua la uongo na Frelimo nako walikua wanapewa majina ya vita, mtu mmoja majina matatu. Tafuta kwa likola na kijiji. Bibi yako alimpikia miaka yote hiyo, lazima alimsikia akitaja kijiji au mlima au kisima. Muulize taratibu.

Pili, kule wapiganaji wa zamani wameandikishwa wanapata pensheni, na wazee wao wanajuana sana, ukisema mtu aliyekata mkonge Tanga, akaumia mguu, akalazwa Mtwara, kuna mzee atasema namjua. Shida ni usalama. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imeharibika, watu wa Muidumbe na Mocimboa wamekimbilia Mueda wengi sana. Usiende kichwa kichwa. Anzia huku kwetu, waliovuka wapo na taarifa zinavuka.

Kasulu Mjini

Kibo na Mawenzi nakuheshimu ila hapana. Mimi ningesikia leo kwamba kuna Mmakonde mahali kamtunzia babu yangu mdogo hata mti mmoja tu, ningetembea kwa mguu nikauone. Shida sio mbao za huo mti. Bibi yangu alikufa anaamini mdogo wake aliwasahau. Labda kuna mama Mueda anaamini hivohivo.

Nipo Ubungo

Kasulu umemaliza mkuu.

Mtoa mada tupe mrejesho wa kikao usituache hewani.

Mjukuu wa Manamba

Wakuu nimerudi, nimechelewa simu iliisha chaji na kijijini umeme ulikata siku mbili. Niwape yote kama ilivyokua.

Nilifika jumamosi nikaenda kwa bibi kwanza. Nikamsalimia nikamuuliza kuhusu kijiji kama Newala Juu alivyoshauri. Bibi haoni vizuri siku hizi lakini kichwa kipo. Akafikiri akaniambia jina la mahali, na jina la dada mtu, kwamba Mwenzake akipata homa alikua anamtaja dada huyo. Miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza bibi. Sisi wote tulikua tunamuuliza babu.

Jumapili kikao. Baba mkubwa akaongea vizuri tu, sitaki mumwone mtu mbaya, ana watoto wawili vyuoni na yeye ndo kabeba familia tangu mzee afariki. Akasema mimi nimepanda mnazi pale nikiwa mtoto, nimepalilia shamba la mtu asiyekuja miaka 50, nimechoka kumsubiri kwa niaba ya baba. Nikakosa la kusema kwakweli, yale ya sheria niliyoyaandika kwenye karatasi niliona aibu kuyatoa. Nikasema tu daftari nimeliandika mimi, mkiuza nisomeeni mnaandika nini kwenye mstari wa mwisho.

Kimya. Alafu bibi akaomba kusema.

Akasema mnajua mahari yangu ililipwa na nani. Baba mkubwa akasema na baba. Bibi akasema hapana. Akaeleza, ilikua 1957, zamu ya kupokea hela ilikua ya Mwenzake, na yeye alikua na mchumba wake kambi ya pili, binti wa Kimakonde, wameshakubaliana, ile hela ndo ilikua ya kwenda kumposa. Wazazi wa bibi walikua wameweka siku ya mwisho, Muha asipoleta mahari mwezi huo binti anapewa mtu wa Pongwe. Mwenzake akaja kwa wazazi wake na bibi, peke yake bila babu kujua, akaweka hela yote chini, akasema nimetumwa. Yule mchumba wake hakusubiri, aliolewa kwingine mwaka uleule. Babu alikuja kujua baada ya harusi. Bibi akasema alilia siku hiyo kuliko siku aliyopata habari za mama yake.

"Nyie wote mliokaa hapa", bibi akasema, "mmetoka kwenye zamu ya yule mtu."

Jamani sijui niwaelezeje kile chumba. Baba mdogo wa mwisho akatoka nje. Baba mkubwa alikaa ameinama muda mrefu mpaka nikaogopa presha. Alafu akauliza swali moja tu, mbona mama hukuwahi kusema. Bibi akajibu baba yenu alinikataza, alisema mkijua mtamtunzia kwa deni, na yeye alitaka mumtunzie kwa sababu ni mwenzake.

Shamba haliuzwi. Yule mfanyabiashara kaambiwa, kuna kipande upande wa babu karibu na kisima baba mkubwa yupo tayari kumkodisha, ndo ada itatoka hapo. Sio hela nyingi kama ile. Ni hivyo.

Kibo na Mawenzi mkuu sijakukasirikia, maneno yako ni yale yale ya baba mkubwa na baba mkubwa ni mtu mwema.

Kibo na Mawenzi

Nimesoma mara mbili. Nafuta nilichosema kuhusu kuuza. Kama kuna nauli ya kwenda Mtwara mimi nachangia, nipe utaratibu inbox.

Chumbageni

Na mimi nipo.

Newala Juu

Mjukuu lile jina la kijiji na la dada usiliweke hapa hadharani, nitumie pembeni. Mjomba wangu alivuka 2020 na familia yake, anakaa kwa mama hapa, ni mtu wa upande huo huo. Nitamuuliza kesho asubuhi akitoka shamba.

Mjukuu wa Manamba

Nimekutumia mkuu.

Michango naomba ngojeni kwanza, nauli ya kufika Newala ninayo, mshkaji wangu wa geto kanipa ya kwake ya kodi kasema tutalipa mwezi ujao kwa ya kwangu. Nilimwangalia nikakumbuka upatu wa babu, sikumwambia kitu.

Jumatatu jioni kabla sijapanda gari kurudi Dar nilienda shamba na baba mkubwa. Ya babu imebaki 22, ya Mwenzake imebaki 17, michungwa ipo mizuri imejaa. Mkanda wa chokaa ulikua umefutika, tangu baba afariki hakuna aliyepaka. Baba mkubwa alikua kabeba ndoo na brashi, hakuniambia anaenda kufanya nini. Tukapaka yote 17 mpaka giza likaingia, ya mwisho tulimulika kwa tochi ya simu.

Barua nimeipiga picha pande zote mbili na ile yenyewe nimeiweka kwenye nailoni. Natoka Mbagala alhamisi alfajiri. Newala Juu nikifika Masasi nakupigia.

Newala Juu

Njoo. Mjomba kasikia jina la dada akaniuliza umelipata wapi. Njoo mkuu, usisubiri alhamisi.